Tangi la kombaini, kasi ya kuvuna mahindi na trela linalosubiriwa

Kuanzia Oktoba hadi Desemba, mahindi ya nyanda za juu yanapokauka katika kaunti za Trans Nzoia na Uasin Gishu nchini Kenya, mkulima anayetafuta kombaini ya kukodi, yaani mashine inayovuna na kupukuchua kwa pamoja, huuliza mambo mawili kabla ya mengine yote: mashine inakwenda kasi gani, na tangi lake linabeba magunia mangapi. Maswali yote mawili ni ya haki, lakini kwa jinsi nilivyoona katika miaka ya kusimamia mavuno kwenye mashamba ya huku, hujibiwa kana kwamba hayahusiani, au kana kwamba tangi kubwa na kasi kubwa vikikutana basi shamba litaisha mapema. Mara nyingi haliishi mapema. Mashine husimama mwisho wa mistari ikiwa imejaa, injini inanguruma na dizeli inaungua, na watu wote wanaitazama barabara ya kwenda nyumbani waone kama trela linarudi.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba kasi haibadilishi umbali ambao mashine itakwenda kabla ya tangi kujaa. Umbali huo huamuliwa na ujazo wa tangi, upana wa kichwa cha kuvunia na wingi wa mahindi yaliyo shambani. Dereva aende kilomita 4 kwa saa au 7 kwa saa, tangi litajaa mahali pale pale. Kinachobadilika ni muda, na muda huo ndio trela lililopewa kwenda kumwaga mzigo na kurudi. Kwa hiyo mimi hupanga kazi kwa utaratibu huu: tangi na mazao hunipa umbali, upotevu wa punje hunipa kasi, na vyote viwili vikishajulikana ndipo ninapojua nihitaji matrela mangapi.

Chukua mfano wa kombaini ya ukubwa wa kati yenye kichwa cha mistari 4 na tangi la lita 5,000. Mistari ikiwa imepandwa kwa nafasi ya sentimita 75, mashine hiyo huvuna upana wa mita 3 kila inapopita. Mahindi makavu yana uzito wa takriban kilo 720 kwa kila mita ya ujazo, lakini yanayovunwa na unyevu mwingi hukaa kwa nafasi zaidi ndani ya tangi, na kwa hiyo mimi hutumia kilo 700. Lita 5,000 hizo basi ni tani 3.5, au magunia 39 ya kilo 90. Asiyetaka kutegemea hesabu ya mtu mwingine anaweza kujaza ndoo ya lita 20 kwa punje zilizotoka kwenye mashine yenyewe, azipime bila uzito wa ndoo, kisha agawanye kwa 20; akipata kilo 14 za punje, basi kila lita ni kilo 0.7. Mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani mara nyingi huandikiwa ujazo kwa busheli. Busheli moja ni lita 35.24, na kwa mahindi huhesabiwa kuwa kilo 25.4, kwa hiyo tangi la busheli 200 hubeba tani 5 na kidogo, yaani magunia 56 hivi.

Wingi wa mahindi shambani ndio watu hukisia, na ukikisiwa vibaya mpango wote huharibika. Kuupima ni kazi ya asubuhi moja. Pima mita 13.3 za mstari mmoja, ambazo kwa nafasi ya sentimita 75 ni sawa na mita 10 za mraba, vunja magunzi yote ya mstari huo, yapukuchue na upime punje. Kilo utakazopata zizidishe kwa 4.5, nawe utakuwa na magunia ya kilo 90 kwa ekari. Kilo 5.6 ni magunia 25. Rudia katika sehemu kadhaa, hasa bondeni ambako udongo ni mzito na kwenye mwinuko ambako mahindi ni hafifu, maana shamba la huku halina sura moja kutoka mpaka hadi mpaka.

Sasa gawanya. Magunia 39 ya tangi kwa magunia 25 ya ekari ni ekari 1.56, na ekari moja ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo tangi huhitaji mita za mraba 6,300 hivi. Ukizigawanya kwa upana wa mita 3 unapata mita 2,100. Huo ndio umbali wa tangi. Katika shamba ambalo mistari ina urefu wa mita 400, mashine itamaliza mikondo 5, yaani itapita mara 5 kutoka mwisho mmoja wa shamba hadi mwingine, na kuanza wa sita kabla ya kujaa.

Hapo ndipo wengi huteleza. Mikondo 5 haifai, kwa sababu mashine iliyoanzia upande wa barabara itakuwa imeishia upande wa mto, na trela liko upande wa barabara. Dereva atalazimika kutembeza mashine nzito bila kuvuna, au trela lizunguke shamba zima, au mashine isimame katikati ya mistari na trela liingie kuifuata likikanyaga mahindi na udongo. Idadi inayofaa ni ile ya kwenda na kurudi, yaani mikondo 4, ijapokuwa tangi litakuwa na magunia 30 tu, robo ikiwa tupu. Wenye mashine hawapendi kusikia hivyo. Wamelipia tangi la magunia 39 na wanataka kulijaza. Lakini tangi linalomwagwa kila mara mahali pamoja, likiwa na robo ya nafasi iliyobaki, humaliza shamba mapema kuliko linalojazwa hadi pomoni na kumwagwa popote lilipofikia. Pia nafasi hiyo huokoa kazi mashine inapoingia sehemu yenye rutuba: mahali penye magunia 32 kwa ekari, umbali wa tangi hushuka hadi mita 1,640, na mikondo 4 bado inatosha kwa shida. Penye magunia 15 umbali unafika mita 3,500, na dereva anaweza kwenda mikondo 8 kabla ya kumwaga.

Kuhusu kasi, mimi huiachia ardhi iliyo nyuma ya mashine iamue. Kichwa cha mahindi hunyofoa magunzi kwa rola zinazovuta mabua kwenda chini, na rola hizo huzunguka kwa mwendo unaopaswa kulingana na mwendo wa mashine. Mashine ikikimbia kuliko rola, mabua husukumwa mbele na magunzi hudondoka kabla hayajashikwa. Ikienda polepole mno, mabua na majani mengi huvutwa ndani na kulisonga pipa la kupukuchulia. Katika mahindi yaliyosimama vizuri, mashine nyingi za mistari 4 nilizosimamia zilifanya kazi safi kwenye kilomita 5 kwa saa au karibu yake. Hata hivyo tarakimu hiyo haina maana bila kuhesabu kilichobaki chini.

Kuhesabu hakuhitaji kifaa. Funga kamba ya mraba wa mita moja kwa moja, simamisha mashine, ingia nyuma yake na uhesabu punje zilizo ndani ya kamba. Punje 20 kwa mita ya mraba ni kama kilo 60 kwa hekta, au kilo 24 kwa ekari, ambayo kwa shamba la magunia 25 ni asilimia 1, hiyo nakubali. Zikifika 60 sikubali. Kisha tembea mita 13.3 za mstari mmoja uliokwisha kuvunwa ukitafuta magunzi yaliyoanguka na punje zake, na hayo yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Gunzi moja lenye punje za gramu 200 katika kila mita 10 za mraba ni kilo 81 kwa ekari, karibu gunia zima. Mahuluti ya nyanda za juu, kama H614 ambayo wengi wetu tumekuwa tukiipanda tangu miaka ya 1980, hurefuka sana na hubeba gunzi juu, kwa hiyo upepo wa Novemba ukiyalaza, magunzi ndiyo hupotea kwanza. Kabla ya kumlaumu dereva, tazama pia mbele ya mashine, ndani ya mahindi ambayo hayajavunwa, kwa sababu gunzi lililoangushwa na upepo au mchwa halikuangushwa na kombaini.

Mahindi yaliyolala hupunguza kasi hadi kilomita 3 kwa saa, wakati mwingine chini ya hapo. Unyevu nao una neno lake. Kombaini huweza kuvuna mahindi yenye unyevu wa asilimia 25, ila punje laini huchubuka, na wengi wetu husubiri yashuke karibu na 20 au chini yake, kisha yakaushwe kwa jua au kwa mashine hadi asilimia 13.5 ambayo Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao huitaka. Anayejumlisha magunia shambani akumbuke kwamba tani moja yenye unyevu wa asilimia 20 hubaki kilo 925 ikifika 13.5, magunia 39 ya tangi ni 36 ya ghala. Nimeona ugomvi mkubwa kati ya mwenye shamba na madereva wa trela kuhusu magunia ambayo hayakuibwa na mtu yeyote, bali yalikuwa maji.

Kasi ikishajulikana, hesabu ya trela huwa nyepesi. Kwa kilomita 5 kwa saa, mkondo wa mita 400 huchukua dakika 4.8, kwa hiyo mikondo 4 ni dakika 19, na ukiongeza kugeuza unapata 22. Kumwaga magunia 30 huchukua dakika 2 pamoja na kujipanga. Kila dakika 24, basi, trela lazima liwepo. Tuseme trela lina uwezo wa tani 6: litachukua matangi mawili ya magunia 30, jumla tani 5.4, na kuondoka. Uwanja wa kukaushia uko kilomita 3 kwa barabara ya murram; kwenda na mzigo ni dakika 15, kumwaga kwa trela linaloinuka ni dakika 10, kurudi tupu ni dakika 12. Jumla ni 37. Mashine itakuwa imejaza magunia 30 mengine baada ya dakika 22 na itasubiri dakika 15, na itafanya hivyo kila baada ya matangi mawili.

Siku ya kuvuna huku ni fupi kuliko inavyoonekana, kwa sababu umande wa asubuhi hufanya majani yawe mazito na pipa lisongwe, na mvua ya alasiri hupenda kurudi. Tuhesabu saa 7 za kazi. Kwa trela moja, kila mzunguko wa matangi mawili huchukua dakika 63 na huvuna ekari 2.4 hivi, kwa hiyo siku nzima inatoa ekari 16. Kwa matrela mawili mzunguko hushuka hadi dakika 48, na siku inatoa ekari 21. Ekari 5 kwa siku zimepatikana bila mashine kuongeza kasi hata kidogo.

Sasa linganisha na dawa ambayo dereva mwenye haraka hupendekeza, ya kupandisha kasi hadi kilomita 6 kwa saa na kubaki na trela moja. Mikondo 4 itachukua dakika 19 pamoja na kugeuza, mashine itafika mapema, na itasubiri dakika 18 badala ya 15. Mzunguko unakuwa dakika 60, na siku inatoa ekari 16.8. Mashine imekimbia kwa asilimia 20 zaidi, imeangusha punje na magunzi zaidi, na faida haijafika ekari moja. Sijui namna ya wazi kuliko hii ya kuonyesha kwamba kasi haina kazi mahali ambapo trela ndilo linaloshikilia kazi. Matrela yakishakuwa mawili mambo hugeuka, kwa kuwa kilomita 6 kwa saa ingetoa ekari 24, na hapo swali la kasi linarudi kuwa la punje ngapi zimebaki ndani ya kamba.

Mahindi yaliyolala nayo hubadilisha hesabu, kwa upande mwingine. Kwa kilomita 3 kwa saa mikondo 4 huchukua dakika 35 pamoja na kugeuza, na trela linalohitaji dakika 37 karibu litawahi. Siku kama hiyo trela la pili halina kazi, na ni afadhali litumwe kwa jirani au likapeleke magunia makavu sokoni. Asiye na trela la pili kabisa anaweza kutandaza turubai kubwa mwisho wa mistari na kumwaga hapo tangi la tatu wakati trela liko njiani, kisha watu wakajaza magunia kwa mikono. Ni kazi ya jasho na huhitaji vijana wanne au watano, lakini hugharimu kidogo kuliko kombaini inayosubiri, na mvua ikija ghafla turubai lile lile hukunjwa kufunika mahindi.

Je, tangi kubwa lingesaidia? Tangi la lita 7,000 lina magunia 54, na umbali wake ni mita 2,940, yaani mikondo 6 ya kwenda na kurudi, ambayo ni magunia 45. Trela la tani 6 lina nafasi ya magunia 66. Likipokea 45 la kwanza, la pili halitaingia lote, na ama trela litaondoka likiwa na theluthi moja tupu, au mashine itabaki na magunia 24 tumboni na kurudi mistarini ikiwa karibu nusu imejaa. Tangi kubwa na trela dogo ni ndoa ngumu. Anayenunua au kukodi atazame kwanza trela alilonalo, kisha atafute tangi ambalo mimwago yake miwili au mitatu hulijaza trela hilo bila kubakisha.

Matangazo ya mashine kubwa hutuchanganya kwa sababu yameandikwa kwa ajili ya Iowa, jimbo la mahindi la Marekani, na majirani zake. Huko mavuno ya busheli 200 kwa ekari, ambayo ni magunia 56 yetu, ni ya kawaida, na kichwa cha mistari 8 kikienda kilomita 8 kwa saa hujaza tangi la busheli 300 kwa dakika 7 na nusu. Mtu anayesimama dakika 2 kumwaga kila baada ya dakika 7 amepoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya nguvu ya mashine, na ndiyo maana trekta lenye tangi la magurudumu hukimbia ubavuni mwa kombaini na kupokea mahindi bila yeyote kusimama. Kwetu, dakika 2 hizo hutoka katika 24. Kumwaga huku mnatembea huhitaji madereva wawili waliozoeana, ardhi tambarare na mistari mirefu. Vikikosekana, bomba hugonga trela au mahindi humwagika chini, na mimi sioni sababu ya kujitafutia hasara hiyo kwa ajili ya asilimia 8.

Uzito nao uhesabiwe. Tani 3.5 za mahindi juu ya mashine yenye tani 8 au 9 kwa sehemu kubwa huelemea magurudumu ya mbele, na mvua za Novemba huacha sehemu za chini zikiwa laini. Sehemu hizo huvunwa mwisho, zikikauka, na hata hapo tangi lisizidi nusu. Kwenye mteremko vivyo hivyo, kwa kuwa mahindi husogea upande mmoja na mashine iliyojaa huinama kwa urahisi. Wapo wanaoongeza mbao juu ya tangi ili lichukue magunia kumi zaidi. Fremu, ekseli na giaboksi za magurudumu hazikuongezwa pamoja na mbao hizo. Na kwa hali yoyote, mahindi mabichi yakiziba mdomo wa bomba, utingo asiingie ndani ya tangi kuyasukuma kwa miguu wakati parafujo inayosukuma mahindi bombani inazunguka. Injini izimwe kwanza, na ufunguo uwe mfukoni mwa anayeingia.

Kombaini za kukodi huku kwa kawaida hulipwa kwa ekari, na malipo hayo humvuta dereva kwenye kasi, kwa sababu ekari iliyovunwa ovyo na ekari iliyovunwa vizuri humletea fedha sawa. Simlaumu, ila napendelea tukubaliane kabla mashine haijashuka barabarani: tutahesabu punje ndani ya kamba mara tatu kwa siku mbele ya wote wawili, na zikizidi idadi tuliyotaja, atapunguza kasi au atarekebisha pipa na chekecheo. Mwenye mashine mzuri hakatai. Nami kwa upande wangu huahidi kwamba hatasubiri trela, na kwamba ncha za shamba zitakuwa zimevunwa kwanza, mikondo miwili au mitatu kila upande, ili apate pa kugeuzia na trela lipate pa kusimama.

Kwa simu, kabla ya kulipa amana, uliza lita za tangi, idadi ya mistari ya kichwa na nafasi kati ya mistari hiyo, maana kichwa cha sentimita 75 hakitavuna vizuri shamba lililopandwa kwa 90. Uliza pia urefu wa bomba la kumwagia kutoka chini na upande linakotokea, ambao kwa mashine nyingi ni wa kushoto, kisha upime ukingo wa trela lako. Trela lililoongezewa mbao za pembeni ili libebe magunia mengi linaweza kuwa refu kuliko mdomo wa bomba, na hilo ni afadhali uligundue ukiwa nyumbani na futi mkononi.